Mikono ya Kuazima

Hollis alikufa mwezi wa kumi, matufaha ya mwisho yakiwa bado mtini. Watu wa bonde letu walikuja kumzika, wakala keki na sandwichi walizoleta wenyewe, wakasema mume wangu alikuwa mtu mwema, wakaenda zao. Hakuna aliyetaja siku ya kimbunga. Nimeona niiandike mimi, kwa kuwa nilikuwepo. Nikinyamaza itabaki ile habari fupi inayosemwa dukani, kwamba Hollis Pineo alivunja sheria akafungiwa.

Shamba letu liko chini ya Mlima wa Kaskazini, upande ambao upepo wa ghuba hufika ukiwa umeshapunguza hasira. Si shamba kubwa. Baba mkwe alipanda Gravenstein, matufaha ya zamani ya kupikia pai, na Hollis akaongeza Honeycrisp, aina wanayoitaka maduka, tamu, yenye ngozi nyepesi. Nilipoolewa hapa wavunaji walikuwa watu wa hapahapa, akina mama wa kijijini, wanafunzi, wavuvi waliofunga msimu. Kisha vijana wakaenda Alberta, magharibi mwa Kanada, kwenye mafuta, au mjini Halifax kwenye ofisi, na wale akina mama wakazeeka pamoja nami. Sheria inataka tuwatangazie kazi wenyeji kwanza, na kila mwaka Hollis alitangaza. Mwaka mmoja walikuja wawili. Mmoja aliondoka saa sita mchana akijishika kiuno. Wa pili alikwenda kula chakula cha mchana, na mpaka leo bado anakula.

Ndiyo sababu tukawa na watu wa Jamaika. Walikuwa sita, wakija majira ya joto na kurudi kwao kabla theluji haijatulia. Mkubwa wao alikuwa Everald Brissett, mtu wa jimbo la St. Elizabeth huko kwao, mrefu, asiye na maneno mengi, aliyelima mchicha wa kwao nyuma ya nyumba ya wafanyakazi na kuniletea fungu kila Jumamosi nilipopika maharage. Mcheshi wao alikuwa Linval, aliyeimba tangu anapanda ngazi hadi anashuka.

Kibali cha kila mmoja wao kilitaja shamba letu tu. Kumpeleka mfanyakazi shamba jingine ni mpaka serikali iridhie, la sivyo ni kosa. Kisha kila mwaka, mwezi wa pili, Hollis alikaa kwenye meza ya jikoni akaandika majina ya aliotaka warudi. Asiyeandikwa angeweza kubaki kwao na asijue kwa nini.

Upande mwingine sisi tuna desturi yetu, wala haina jina. Ukimaliza kuvuna na jirani yako hajamaliza, unakwenda kwake. Huitwi, wala hulipwi. Unapewa chai na kipande cha pai, na mwaka mwingine zamu yako itafika. Ghala letu lilipoungua, Avard Bezanson wa shamba la pili alifika na msumeno wake kabla moshi haujaisha, akakaa nasi hadi paa likasimama.

Mwaka wa kimbunga Avard alianguka kwenye ngazi, akavunjika bega. Alikuwa mjane, hana mtoto. Hakuwahi kuajiri wageni. Alisema hana pesa za kujenga nyumba ya kuwalaza. Wavunaji wake walikuwa wanawake wawili wa kijijini, na mmoja aliacha kazi siku ileile aliyoanguka. Honeycrisp zake zikabaki mitini, nyekundu, tayari. Redio ikasema mkia wa kimbunga utatufikia kesho yake. Sisi tulikuwa tumemaliza zetu jana yake. Kila mtu alijua kwamba Avard akipoteza mavuno yale, shamba linakwenda benki.

Asubuhi hiyohiyo Hollis alitoka uani akawaambia wanaume, "Pakieni ngazi. Tunakwenda kwa Avard."

"Yule mzee anayetupungia kidole kimoja?" Linval akauliza. "Kama anaogopa vingine vitaisha?"

"Huyohuyo."

"Basi leo atatupungia mkono mzima."

"Mkono mzima anao mmoja tu," mwenzake akasema, wakacheka.

Everald hakucheka. "Bosi, kibali kinasema hapa."

"Najua kinavyosema. Nimewapigia simu ofisi ya vibali. Ruhusa ipo, wanasema, nijaze fomu nisubiri wiki ijayo." Hollis alionyesha mbingu, iliyokuwa safi kabisa, na hilo ndilo lililotisha. "Kimbunga hakisubiri fomu, Ev. Halafu hii si kazi. Avard hanilipi, mimi simlipi. Ni ujirani."

"Ndiyo, bosi."

"Asiyetaka abaki. Simlazimishi mtu."

Akaenda kuwasha lori. Everald akaja mlangoni kwangu na jagi tupu la maji, ingawa bomba lao lilikuwa linatoa maji vizuri.

"Bi Arleta, amesema asiyetaka abaki."

"Amesema, na ndivyo alivyo. Hakutishi."

"Najua hanitishi." Aliliweka jagi chini ya bomba akaliangalia likijaa. "Lakini mwezi wa pili anakaa kwenye meza hiyo hapo, anaandika majina. Mtu anayeandika jina lako akikuomba kitu, wewe utaliita ombi?"

Nilijua binti yake yuko chuo cha uuguzi, na kwamba wakitushika Everald ndiye angepandishwa ndege kurudi kwao.

"Ngoja niseme naye."

"Ukisema naye atajua nilikuja kwako."

"Nitasema nimeona mwenyewe."

Nilitoka, aproni kiunoni. Hollis alikuwa tayari kwenye usukani.

"Hollis, wanaogopa."

"Wamekuambia?"

Everald alikuwa anafunga ngazi kwa kamba. Alitikisa kichwa kidogo sana, macho kwenye fundo.

"Naona," nikasema.

"Mimi pia naogopa. Avard alikuja na msumeno wake, Arleta. Unakumbuka?" Akaingiza gia. Wote sita wakapanda nyuma. Hakuna aliyebaki.

Kulikuwa na joto zito lisilo la kawaida, na shakwe walikuwa wamehama ghuba wametua kwenye malisho yetu. Nilioka pai mbili za kuwapelekea. Ya pili ilikuwa bado kwenye oveni gari jeupe lilipoingia uani.

Alishuka mwanamke kijana, kitambulisho shingoni. Akasema anaitwa Surette, anatoka ofisi ya vibali, amekuja kwa ukaguzi wa kawaida. "Hamna kosa, Bi Pineo. Zamu yenu tu imefika."

"Karibu. Chai?"

"Baada ya kazi, asante."

Nikamwonyesha nyumba ya wafanyakazi. Aliangalia vitanda, akafungua maji ya moto akayagusa, akabonyeza king'ora cha moshi kikalia hadi nikaruka. Juu ya jiko kulikuwa na sufuria ya wali na maharage, imefunikwa sahani. Akatabasamu. "Wanajipikia vizuri." Nikasema ndiyo. Kila alipoandika nilitamani aandike polepole zaidi.

"Sasa ningependa kuzungumza nao. Mmoja mmoja, bila mwajiri."

"Wako kazini."

"Twende tu. Nimevaa viatu vya shamba."

Nilimpitisha njia ndefu, ile inayozunguka bwawa, na goti langu bovu lilinisaidia kwenda taratibu. Nilikuwa na simu mfukoni, lakini bondeni kwa Avard haishiki. Tukatokea kwenye safu za juu. Miti yote ilikuwa mitupu. Chini ndege walikuwa wanadonoa yaliyooza.

Surette alisimama. Njiani alikuwa amenieleza kwamba kwao ni Clare, pwani ya wavuvi, na baba yake alikuwa na kiwanda kidogo cha samaki. Hakuwa mtu wa kudanganywa na safu za miti.

"Hapa mmemaliza."

"Tumemaliza jana."

"Na wanaume wako kazini."

Upepo wa kwanza ukapanda kutoka ng'ambo ya ukuta wa mawe, ukiwa umebeba sauti ya Linval. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, kwa furaha tele, kama mtu aliye kwao.

"Nani anaimba, Bi Pineo?"

"Unaweza kusikia mwenyewe," nikasema.

Tukapita penye pengo la ukuta.

Avard alikuwa amekaa juu ya kasha lililopinduliwa, mkono umefungwa kifuani, akipiga kelele, "Huo wa kushoto! Tawi la juu! Mungu wangu, laiti ningekuwa na mabawa!" Hollis alikuwa juu ya ngazi. Wengine walikuwa wametawanyika safu nzima, mifuko kifuani, na makasha yalikuwa yamejaa mavuno ya nusu ya shamba. Hollis ndiye aliyetuona kwanza. Kisha Linval akakata wimbo katikati ya neno, na mikono yote ikasimama.

Isipokuwa ya Everald. Alikuwa ameshachuma tufaha, mkasi mdogo mkononi. Honeycrisp hukatwa kikonyo; kikibaki kirefu hutoboa tunda la jirani yake kashani na yote mawili huoza. Akakikata, akaliweka tunda mfukoni taratibu, ndipo akashuka.

"Nani kiongozi wa wafanyakazi?" Surette akauliza.

"Mimi, mama."

"Unajua kibali chako kinataja shamba gani?"

"Najua."

"Hili ndilo?"

"Silo."

Avard aliinuka kwenye kasha. "Ni wageni wangu hawa! Wamekuja kunijulia hali. Nimevunjika bega, huoni?"

"Wanakujulia hali juu ya ngazi?"

"Kila mtu na mila zake!"

Linval aliinamisha kichwa ili asicheke.

"Nani alikuambia uje hapa?" Surette alimwuliza Everald. Sauti yake haikuwa kali. Nadhani kama ingekuwa kali mambo yangekuwa rahisi zaidi.

Kulikuwa na majibu mawili, na Everald aliyajua yote. Akisema bosi ametuagiza, shamba letu lingefungiwa na wao wasingekuwa na mahali pa kurudi. Akisema tumekuja wenyewe, kosa lingekuwa lao, na ndege ya kuwarudisha Kingston ingepatikana kabla ya kimbunga. Alivua kofia akaifuta jasho la ndani. Alinitazama mimi, kisha akatazama makasha.

"Tulikuja wenyewe, mama. Bosi alisema asiyetaka abaki. Sisi tukataka."

"Anasema uongo," Hollis akasema.

Alikuwa anashuka, mguu mmoja baada ya mwingine, kwa uzito ambao sikuwahi kuuona kwake. "Niliwaagiza mimi. Walikataa. Nikawaambia asiyekwenda asitegemee kuona jina lake mwakani."

Nilimkodolea macho. Hakuwa amesema hivyo. Katika miaka yote hakuwahi kutamka neno kama hilo, na nilijua ameliokota palepale ili awakinge. Everald alipaswa kushangaa, kama mimi. Hakushangaa. Alitazama chini tu, na wenzake nao wakatazama chini, kama watu waliotajiwa kitu wanachokijua siku nyingi.

Hollis aliona. Nilimwona akiona. Uso wake ulibadilika, akasahau kwamba kuna mkaguzi.

"Ev. Mimi sikusema hivyo asubuhi."

"Hukusema, bosi."

"Lakini ulisikia."

Everald alizungusha kofia mikononi. "Nilisikia."

"Wote mlisikia?"

Matawi yalianza kusukumana, na tufaha moja likaanguka nyuma yetu kwa kishindo.

"Samahani," Surette akasema, "naomba nielewe. Alisema au hakusema?"

"Andika nilisema," Hollis akajibu.

"Bwana Pineo, unajua maana yake?"

"Andika, binti. Na uandike kwamba hawa walikataa. Hilo uliandike kwanza."

Aliandika. Kisha akasema kazi isimame. Linval alikuwa bado juu, mfuko umejaa nusu. "Mama, nimalizie tawi hili tu. Ni matano, sita hivi."

"Siwezi kukuruhusu."

"Mawili?"

"Linval," Everald akasema, "shuka."

Akashuka, akayamwaga matufaha yake kashani, akisindikiza kila moja kwa kiganja lisigonge. Nusu ya shamba ilikuwa imevunwa. Nusu nyingine ilikuwa nyekundu mbele yetu, inayumba, na wanaume wenye afya wamesimama chini yake mikono mitupu. Avard alikaa tena kwenye kasha lake. Surette alifunga mkoba wake, akatazama juu mitini muda mrefu, akasema, "Baba yangu angenifukuza nyumbani kwa hili." Akaondoka bila chai.

Mimi, Hollis, yule mwanamke wa kijijini na mchungaji wa kanisa letu tulichuma hadi giza, na kesho yake tena hadi upepo ulipotuangusha ngazi. Jioni yale yote yaliyobaki yalikuwa matopeni. Hata hivyo nusu iliyookolewa ilitosha. Avard bado analo shamba lake.

Barua ya kufungia ilimkuta Hollis kabla ya Krismasi. Misimu miwili hatuajiri mgeni yeyote. Wanaume hawakuguswa, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa kwamba walilazimishwa; walihamishiwa tu shamba kubwa upande wa mashariki wa bonde. Siku walipoondoka Hollis aliwapakia mabegi mwenyewe. Alimpa Everald mkono akataka kusema kitu, Everald naye akataka kusema kitu, na dereva akapiga honi.

Mwaka uliofuata tulitangaza kazi. Hakuja mtu. Desturi ikatuletea majirani, bila kuitwa, kama ilivyo: Avard na bega lililopona likiwa limepinda, mchungaji na mkewe, mjane wa fundi magari. Kufika saa nane mchana wote tulikuwa tumekaa nyasini tunakunywa chai, hakuna anayeweza kuinuka. Mjane wa fundi magari alicheka akasema, "Hivi zamani tulikuwa tunafanyaje?" Hollis hakucheka. Usiku wa siku hiyo aliniambia kitu kimoja tu juu ya jambo lile. Alisema, "Arleta, siku zile ujirani wangu ulikuwa unafanywa na Ev. Na mimi nilikuwa nanywa chai."

Alivuna alichoweza, peke yake, mwaka ule na uliofuata. Nilimkuta chini ya Gravenstein za baba yake, mgongo kwenye shina, mfuko kifuani bado. Daktari alisema moyo.

Jumapili baada ya maziko akina Everald walikuja. Lile shamba jingine liliwapa gari dogo na ruhusa ya alasiri. Wote sita walivaa suti, na tai, na viatu vinavyong'aa ambavyo vilikuwa vinakanyaga matope ya uani kwangu kwa tahadhari. Linval alikuwa amebeba sufuria ya wali na maharage, imefungwa kwa taulo.

"Bi Arleta, tumesikia kwa kuchelewa."

"Mmefika."

Walikula pamoja nami, wakaongea habari za Hollis. Jinsi alivyojaribu kula pilipili yao akakimbilia bwawani. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu afe. Kisha Everald akaomba kuona miti.

Tukapanda hadi safu za juu. Honeycrisp zilikuwa zimepita wakati wake, nzito, nyingine zimeshaanza kudondoka. Mkono wa Linval uliinuka wenyewe kwenye tawi, ukafika nusu.

"Usiguse," Everald akamwambia.

"Najua." Akaurudisha mfukoni. "Mkono ndio haujui."

Tulisimama pale, watu saba. Tufaha lilianguka, kisha jingine mbali kidogo. Wanaume wale wangeweza kuisafisha safu ile kabla ya jua kuzama.

"Kuvuna hamruhusiwi," nikasema. "Kula je?"

Everald alifikiri kwa uzito, kama ambavyo angefikiria swali la mkaguzi.

"Kula si kazi, Bi Arleta."

Wakachuma kila mmoja lake. Maji ya matufaha yaliwatiririka kwenye mikono ya suti. Mimi nikamsogelea Everald nikamwambia lililokuwa moyoni tangu maziko.

"Marufuku ya kuajiri wageni inaisha mwezi wa pili. Sijui kama nitaliendesha shamba au nitaliuza. Lakini nikiliendesha, mtataka kurudi? Nakuuliza kabla sijakaa kwenye ile meza. Na ukikataa, basi, umekataa."

Alitafuna, akameza. Alitazama chini bondeni, kwenye paa la ghala letu.

"Usiniulize hapa," akasema. "Nipigie simu nikiwa kwangu. Nikiwa nimekaa barazani kwangu, miguu juu, na mke wangu anasikia. Hapo nitakujibu."

"Nitakupigia."

"Nipigie jioni. Mchana nakuwa shambani kwangu."

Akachuma jingine, akalizungusha juu kidogo kama walivyofundishwa, likaachia. Hakuwa na mkasi. Akakikata kikonyo kwa ukucha wa gumba, akalifuta kwenye suti, akanipa.